Protoni moja, nukleoni 208: kwa nini chembe haziongezeki mara 208?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, tahasusi ya PCM, hapa Moshi. Nimesoma kwamba kule CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, wanagonganisha protoni na viini vya risasi, na kwamba kiini kimoja cha risasi kina protoni na nyutroni 208. Nikawaza hivi: kama protoni mbili zikigongana zinazaliwa chembe kadhaa mpya, basi protoni ikigonga kiini cha risasi lazima zizaliwe mara 208 ya hizo. Mwalimu wetu akasema hapana, ni mara tatu hivi, kisha kengele ikalia na kipindi kikaisha. Naomba unieleze kwa nini zinakuwa chache namna hiyo. Halafu wenzangu wananiuliza mambo haya yanatuhusu nini sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro, nami sina la kuwajibu.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amesema kweli, na hiyo "mara tatu hivi" yake inakaribiana sana na kipimo chenyewe, kama utakavyoona mbele. Swali lako lina majibu mawili yanayobebana. La kwanza ni la jiometri tu, na utalielewa upesi. La pili linahusu muda, na ndilo ninalotaka tukae nalo, kwa sababu wanafizikia wenyewe walilihangaikia miaka mingi kabla halijatulia.

Tuanze na kinachozaliwa. Protoni mbili zikigongana kwa nishati kubwa, sehemu ya nishati ya mwendo inageuka kuwa maada. Chembe nyingi kati ya hizo mpya ni pioni, chembe nyepesi kuliko protoni zinazoishi muda mfupi tu, zikifuatiwa na jamaa zao wazito zaidi, kaoni, na chache ni protoni na vinyume vyake. Hazikuwa zimejificha ndani ya protoni zikingoja kutolewa; zimeumbwa palepale kutokana na nishati, kwa hesabu ileile ya Einstein mnayoisoma darasani. Protoni yenye nishati ya GeV 200 (GeV moja ni elektronivolti bilioni moja, kipimo cha nishati ya chembe) ikigonga protoni iliyotulia, kwa wastani hutoka chembe 7 au 8 zenye chaji. Zipo pia zisizo na chaji, lakini hizo vifaa vingi havizioni moja kwa moja, kwa hiyo katika kuhesabu tunashikilia zenye chaji.

Sasa weka kiini cha risasi mbele ya protoni hiyo. Kiini hicho ni kama tufe lenye kipenyo cha femtomita 13 hivi, na femtomita moja ni sehemu ya trilioni ya milimita. Protoni yenyewe ina nusu kipenyo cha femtomita 0.84. Kwa nishati hizi inakwenda moja kwa moja bila kupinda, ikitoboa kiini kuanzia upande mmoja hadi wa pili. Inakutana na nukleoni zilizo kwenye njia yake tu (nukleoni ni jina la pamoja la protoni na nyutroni). Zilizo pembeni, ambazo ndizo nyingi, haziguswi kabisa.

Ni ngapi basi zilizo njiani? Hapa huhitaji kompyuta. Fizikia hupima uwezekano wa kugongana kwa eneo: eneo la mgongano wa protoni na protoni kwa GeV 200 ni milibani 32 (milibani ni kipimo cha maeneo madogo mno kama haya), na la protoni na kiini kizima cha risasi ni takriban milibani 1,750. Zidisha idadi ya nukleoni kwa eneo dogo, kisha gawanya kwa eneo kubwa: 208 mara 32, gawanya kwa 1,750. Unapata 3.8. Huo ndio wastani wa nukleoni ambazo protoni moja huzigonga ikipita ndani ya risasi. Ikipita katikati kabisa zinakuwa nyingi zaidi, kama saba. Ikipita ukingoni inaweza kugonga moja tu. Ile 208 imeshatoweka, na hatujatumia chochote zaidi ya jiometri.

Lakini angalia, tumepata 3.8, wala si 2.4. Ninasema 2.4 kwa sababu hicho ndicho kilichopimwa kwa nishati hiyo. Katikati ya miaka ya 1970, Wit Busza na wenzake walifanya jaribio Fermilab, karibu na Chicago, wakituma protoni, pioni na kaoni zenye nishati kati ya GeV 50 na 200 kwenye shabaha za aina mbalimbali, kuanzia zile nyepesi kama kaboni hadi nzito kama risasi. Walihesabu chembe zinazotoka kwa kasi kubwa, wakalinganisha na zinazotoka shabaha ikiwa protoni. Kwa risasi, ongezeko lilikuwa chini ya mara mbili na nusu.

Nataka uone jinsi jambo hili lilivyo la ajabu. Protoni imegonga nukleoni karibu nne. Kama kila pigo lingezaa kama mgongano kamili wa protoni mbili, tungepata karibu mara nne. Tena si hivyo tu: chembe zilizozaliwa kwenye pigo la kwanza bado ziko ndani ya kiini, zina nishati ya kutosha, na mbele yao kuna nukleoni nyingine. Zingegonga nazo, zikazaa nyingine, na hizo nyingine zikazaa tena, mpaka kiini kimwage makumi mengi ya chembe. Hesabu ya namna hiyo ndiyo ambayo mtu yeyote makini angeianza nayo, na maumbile yanaikataa.

Jibu liko kwenye saa. Chembe haizaliwi papo hapo. Pigo likishatokea, kwaki na gluoni, yaani vijenzi vya ndani ya protoni na pioni, zinahitaji muda kujipanga mpaka ziwe pioni kamili, yenye ukubwa wake na yenye uwezo wa kugonga kama pioni. Kwa saa ya pioni yenyewe muda huo ni mfupi mno, kama ule ambao mwanga unautumia kuvuka femtomita moja, yaani sekunde 3.3 × 10⁻²⁴ hivi. Ila pioni hiyo inakimbia. Kwa nadharia ya uhusianifu, saa inayokimbia huenda polepole machoni pa aliyetulia. Pioni ya GeV 10 ina kipeo cha Lorentz, yaani namba inayosema saa imechelewa mara ngapi, cha 70 hivi, kwa hiyo kwetu sisi kuzaliwa kwake kunachukua muda mrefu mara 70, na katika muda huo imeshasafiri femtomita 70. Kiini kizima cha risasi kina kipenyo cha femtomita 13! Pioni hiyo imekamilika kuwa pioni ikiwa imeshatoka nje na kukiacha kiini mbali nyuma. Ni kama kupita mlangoni na donge la maandazi ambalo bado halijaumuka: linapita bila kugusa miimo, linakuja kuumukia nje.

Ukitaka kuhakikisha kwamba huu si ujanja wa maneno, tazama tukio lilelile ukiwa umekaa juu ya protoni. Kwa GeV 200 kipeo chake cha Lorentz ni 213. Kutoka hapo, kiini cha risasi kinachokujia kimebanwa kwenye mwelekeo wa mwendo mpaka unene wake ni 13 gawanya kwa 213, sawa na femtomita 0.06. Ni bamba jembamba kuliko protoni yenyewe kwa zaidi ya mara ishirini. Kwa protoni hakuna pigo la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu. Nukleoni zote nne zinaipitia karibu kwa mara moja, kabla haijapata muda wa kuvunjika. Inasukwasukwa mara nne, lakini bado ni protoni moja, na itakapovunjika itavunjika mara moja tu.

Hapo ndipo hesabu inapokaa sawa. Mwaka 1976 Białas, Bleszyński na Czyż, wanafizikia wa Poland, walipendekeza tuache kuhesabu mapigo, tuhesabu nukleoni zilizojeruhiwa. Nukleoni ikishajeruhiwa, hata ikipigwa tena na tena, inachangia kiasi kilekile kwenye jumla ya chembe. Mgongano wa protoni mbili una majeruhi wawili, kila mmoja anachangia nusu. Kwenye risasi majeruhi ni zile nukleoni 3.8 pamoja na protoni yetu, jumla 4.8. Gawanya kwa 2. Unapata 2.4, ileile iliyopimwa Fermilab. Mimi naiona hii kuwa moja ya hesabu nzuri kuliko zote katika fani yangu, kwa sababu mtoto wa sekondari anaweza kuifanya kwa kalamu na bado inabeba uhusianifu wote ndani yake.

Usichukue hata hivyo kwamba ndani ya kiini hakutokei kitu. Chembe zilizozaliwa na mwendo mdogo, zile za upande wa shabaha, saa zao hazijachelewa sana. Hizo zinakamilika zikiwa bado ndani, na kweli zinagonga nukleoni za jirani na kuzifukuza. Jambo hili liliwahi kuonekana kwa macho, kwenye sahani nene za picha zilizotumika kunasa chembe kabla ya vifaa vya elektroniki. Ukiweka sahani hiyo chini ya hadubini unaona umbo kama nyota: nukta moja, na mistari inayotoka pande zote. Ukituliza macho unagundua mistari yenyewe ni ya aina tatu. Kuna miembamba sana, ya vitone vilivyoachana, imebanana kuelekea mbele. Hizo ni pioni zenye kasi, ndizo tulizokuwa tukizihesabu. Kuna mistari ya kijivu, minene kidogo, imetawanyika zaidi; nyingi ni protoni zilizofukuzwa kutoka kwenye kiini. Na kuna mistari mifupi, minene, myeusi tititi, inayoelekea kila upande bila mpango. Hivyo ni vipande vinavyochemka kutoka kwenye mabaki ya kiini baada ya kupashwa moto na kishindo. Mistari ya kijivu ina manufaa ya pekee. Ikiwa mingi, ujue protoni ilipita katikati na kupiga nukleoni nyingi. Ikiwa michache, ilipita pembeni. Kwa hiyo mtu aliweza kukadiria idadi ya mapigo ya tukio mojamoja kwa kuhesabu mistari tu, saa baada ya saa, jicho likiwa kwenye lenzi.

Sasa twende CERN, ambako swali lako limeanzia. Mashine yao ya kugonganisha chembe, LHC, ina mzunguko wa kilomita 27 na ilijengwa kwa ajili ya protoni kwa protoni na risasi kwa risasi. Kuchanganya protoni upande mmoja na risasi upande wa pili kulikuwa na ugumu wake, kwa sababu sumaku zinazopinda mikondo yote miwili zina nguvu sawa. Protoni ikipewa TeV 4 (TeV moja ni GeV 1,000), kiini cha risasi chenye chaji 82 kinapata 82 mara 4, yaani TeV 328, lakini hizo zinagawanywa kwa nukleoni 208. Kila nukleoni inaambulia TeV 1.58. Mgongano hauko sawa pande mbili, na kila kinachozaliwa kinasogezwa kidogo kuelekea inakokwenda protoni. Ukipiga hesabu ya nishati katika kitovu cha tungamo, kwa kila jozi ya nukleoni unapata TeV 5.02. Jaribio fupi la kwanza lilifanyika Septemba 2012, na msimu kamili ukafuata Januari na Februari 2013. Mwaka 2016 nishati ilipandishwa hadi TeV 8.16.

Kigunduzi cha ALICE kilihesabu chembe zenye chaji zinazotoka karibu na digrii 90, tuseme kwenye ukanda wa kati ya digrii 62 na 118 kutoka njia ya mkondo. Kwa TeV 5.02 wastani ulikuwa chembe 17 hivi kwa mgongano mmoja wa protoni na risasi. Kwenye ukanda uleule, mgongano wa protoni na protoni wa nishati hiyo unatoa karibu 5. Gawanya: mara tatu na kidogo. Hiyo ndiyo "mara tatu" ya mwalimu wako.

Linganisha na hesabu ya majeruhi. Kwa nishati ya LHC protoni imenenepa, eneo lake la mgongano limefika karibu milibani 70, kwa hiyo inagonga wastani wa nukleoni 7 hivi. Majeruhi ni karibu 8. Nusu ya 8 ni 4, na kipimo kikawa pungufu kwa asilimia 16 hivi. Upungufu huo una maana. Kwa nishati kubwa hivi, chembe za katikati zinatokana na gluoni zenye sehemu ndogo mno ya nishati ya nukleoni, na gluoni za namna hiyo ndani ya kiini zinafunikana. Ya nyuma inakingwa na ya mbele, mbili zinaungana kuwa moja, na idadi yake inakuwa ndogo kuliko jumla ya nukleoni mojamoja. Kiini cha risasi si gunia la protoni na nyutroni zisizojuana.

Kuna kundi la matukio lisilofuata sheria ya majeruhi, nalo ni matukio adimu yenye kishindo kikubwa: kuzaliwa kwa bosoni Z, chembe nzito sana, kwa mfano, au chembe zinazoruka pembeni kwa nishati kubwa sana. Hayo hutokea haraka mno, na kila pigo lina nafasi yake ya kuyazaa, kwa hiyo yanafuata idadi ya mapigo. Tofauti hii ilileta faida kubwa mwaka 2003 kwenye mashine ya RHIC huko New York. Dhahabu ilipogongana na dhahabu, chembe za nishati kubwa za pembeni zilipungua sana. Je, zilimezwa na supu ya moto ya kwaki na gluoni inayozaliwa viini viwili vizito vinapogongana, au kiini chenyewe kina upungufu tangu mwanzo? Wakatuma deuteroni, kiini cha protoni moja na nyutroni moja, kwenye dhahabu. Upungufu haukuonekana. Kiini baridi hakikuwa na kosa. Supu ndiyo iliyomeza.

Na hata hapo mambo hayakutulia. Mwaka 2012, kwenye lile jaribio fupi la LHC, kigunduzi cha CMS kilikuta kwamba katika migongano ya protoni na risasi iliyozaa chembe nyingi mno, chembe zilizo mbalimbali zinaelekea upande mmoja kana kwamba zimesukumwa na mkondo wa pamoja, kama inavyotokea kwenye ile supu. Hakuna aliyetegemea kuliona kwenye mgongano mdogo hivyo. Mjadala wa kiasi gani ni supu na kiasi gani ni tabia ya gluoni kabla ya mgongano bado ni mkali, ingawa vipimo vya RHIC vilivyolinganisha protoni, deuteroni na heliamu-3 dhidi ya dhahabu viliwasogeza wengi upande wa supu, nami ni mmoja wao.

Nije kwa wenzako wanaouliza yanatuhusu nini. Waambie watoke nje ya bweni, watazame Kibo asubuhi kabla mawingu hayajashuka, kisha wakadirie urefu wa mara tatu ya mlima huo. Pale, kati ya kilomita 15 na 20 juu, migongano ya protoni na viini inatokea muda wote, mchana na usiku, bila mashine yoyote. Protoni zinatoka nje ya mfumo wa jua letu na kugonga hewa, na hewa ni viini vya naitrojeni na oksijeni. Kila unachokisoma kuhusu LHC, isipokuwa risasi, kiko juu ya Moshi.

Piga hesabu tena. Juu ya kila sentimita ya mraba ya mji wa Moshi kuna zaidi ya gramu 900 za hewa. Protoni yenye nishati kubwa hupita wastani wa gramu 90 hivi za hewa kwa kila sentimita ya mraba kabla ya kugonga kiini. Hiyo ni mara kumi. Protoni inayofika mjini bila kugonga chochote ni moja katika makumi ya maelfu, na zinazogonga zinagonga mapema, juu kabisa kwenye hewa nyembamba. Kiini cha naitrojeni ni kidogo, nukleoni 14 tu, kwa hiyo protoni hujeruhi wastani wa kati ya moja na mbili, na chembe huongezeka kama mara 1.3 tu kulinganisha na mgongano wa protoni mbili. Ile hesabu ya nusu inafanya kazi hapa vilevile.

Fuata pioni moja iliyozaliwa huko. Kama haina chaji, inakufa ndani ya sekunde 10⁻¹⁶, inatoa fotoni mbili, na hizo zinaanzisha mporomoko wa elektroni na fotoni. Kama ina chaji, inaishi nanosekunde 26 kwa saa yake. Chukua pioni ya GeV 10: kwa kuchelewa kwa saa yake itasafiri kama mita 560 kabla ya kuoza. Kwenye hewa nyembamba ya kilomita 17 juu, ili igonge kiini kingine inahitaji kilomita kadhaa. Inaoza kwanza. Inaacha myuoni, chembe kama elektroni ila nzito zaidi, na myuoni haina shida na viini. Inapita hewa ikipoteza nishati kidogokidogo. Myuoni huishi mikrosekunde 2.2, ambazo bila uhusianifu zisingeifikisha hata kilomita moja. Yenye GeV 4 inaweza kwenda kilomita 25. Ndiyo maana zinatufikia. Kwenye usawa wa bahari hupita takriban myuoni moja kila dakika katika kila sentimita ya mraba, na kwenu juu kidogo zaidi. Kunjua kiganja chako, ukilaze: myuoni moja au mbili zinakitoboa kila sekunde, na karibu kila moja ilianzia kwenye protoni, au kiini kingine kutoka angani, iliyogonga kiini cha hewa.

Kadiri unavyopanda mlima ndivyo mionzi hii inavyoongezeka. Victor Hess aliligundua hilo tarehe 7 Agosti 1912 kwa kupanda puto hadi zaidi ya mita 5,300, na hapo alikuwa bado chini ya kilele cha Uhuru chenye mita 5,895. Mpagazi anayepandisha mizigo ya watalii hadi juu kabisa amefika mahali ambapo Hess na puto lake hawakufika siku ile. Pioni yenyewe iligunduliwa mwaka 1947 na kundi la Cecil Powell wa Bristol, kwa sahani za picha kama zile nilizokueleza, zilizowekwa juu ya milima ya Pyrenees na Andes.

Kinachonishika mimi zaidi ni kwamba hewa hii bado haijaeleweka vizuri. Kituo cha Pierre Auger huko Argentina kinapima maporomoko yanayoanzishwa na chembe zenye nishati kubwa kuliko zote tunazozijua, na kinakuta myuoni nyingi kuliko zinazotabiriwa na mifano yetu. Maana yake kuna kitu kuhusu uzalishaji wa chembe kwenye viini vyepesi tunakikosea, na kosa dogo katika mgongano mmoja linakua likirudiwa mgongano baada ya mgongano mpaka ardhini. Huenda ni kuhusu kiasi cha nishati kinachokwenda kwa pioni zisizo na chaji, kwa sababu nishati hiyo ikishageuka fotoni haizai tena myuoni za kutosha. ALICE nayo imeonyesha kwamba migongano midogo inayozaa chembe nyingi hutoa kaoni na jamaa zake kwa wingi kuliko tulivyodhani, na hilo lingevuta hesabu kuelekea upande unaotakiwa.

Ndiyo sababu Julai 2025 LHC ilifanya jambo ambalo watu wa mionzi ya angani walikuwa wameliomba kwa miaka: iligonganisha protoni na viini vya oksijeni, kwa TeV 9.62 kwa kila jozi ya nukleoni. Ukitaka kupata mgongano huo angani, protoni ingepaswa kuja na nishati ya takriban 5 × 10¹⁶ elektronivolti. Kwa mara ya kwanza tuna hewa halisi, au tuseme moja ya tano ya hewa, kwenye maabara, kwa nishati za maporomoko makubwa. Vigunduzi vilivyowekwa mbali, karibu na mstari wa mkondo, ndivyo vitakavyosema mengi, kwa kuwa chembe zinazokwenda mbele kabisa ndizo zinazobeba nishati kushuka chini.

Ukitaka kuendelea, CERN ina hazina ya data iliyo wazi kwa kila mtu kwenye mtandao, na matukio halisi ya CMS na ALICE yanapakuliwa bure; ukiwa na kompyuta ya shule na uvumilivu unaweza kuhesabu chembe mwenyewe. Ukifika chuo kikuu, fuatilia pia shule ya fizikia ya Afrika, ile iliyoanza mwaka 2010 huko Stellenbosch na ambayo mwaka 2016 ilifanyikia Kigali. Ni ya wanafunzi wa bara hili, na wanaofundisha humo ni watu wanaofanya kazi hizi kila siku.

Kwa sasa chukua shaba uifanyie hesabu. Ina nukleoni 64 hivi, na eneo la mgongano wake na protoni ya GeV 200 ni takriban milibani 780. Lile dogo ni 32 kama mwanzo. Tafuta chembe zinaongezeka mara ngapi. Jibu likiwa karibu na 1.8, uko sawa. Likiwa 2.6, umehesabu mapigo. Rudi uhesabu majeruhi, na usiisahau protoni yenyewe.